Tenga Tupu la Nchi ya Walau

Mwenye kutoka mbali hakosi la kusema, na anayemsikiliza hana pa kwenda kuhakikisha. Hili la Mwalimu Shaibu Ngwali nalitoa kama alivyolitoa mwenyewe, ila pale alipojisifu mno nimepunguza, maana kujisifu ndiko kwao. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mfupi, mwenye sauti iliyomzidi kimo, na alipenda kubishana hata na muuza kahawa juu ya namna ya kushika kikombe. Jinsi alivyofika nchi ya Walau haituhusu. Watu hupotea njia kila siku, na wenye bahati hupotelea mahali pa maana.

Langoni alipokewa na askari mpole mwenye kofia ya ukili.

"Majeraha yako yote yamepona?" askari akauliza.

"Sina jeraha, bwana."

"Sikukuuliza kama unalo. Nimekuuliza, yote yamepona?"

"Lakini hakuna la kupona!"

"Basi hayajapona," askari akasema kwa huruma. "Na mtu ambaye majeraha yake yote hayajapona haingii nchini, asije akatuletea maradhi. Lete kidole."

Akamchoma kwa mwiba wa mlimau. Tone la damu likatoka, na Shaibu akaketishwa kwenye benchi pamoja na wageni wengine waliokuwa wamebana vidole vyao kimya kimya kama watu waliozoea. Damu ilipokauka, askari akakitazama kidole, akatabasamu. "Yote yamepona. Karibu Walau."

Mtu mwingine angetukana. Shaibu moyo ulimdunda kwa furaha, kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa, na kwake yeye kuelewa kulikuwa kutamu kuliko haluwa.

Akaingia sokoni mbio mbio kuhakikisha. Huko kila sufuria mpya ilikuwa na kiraka. Muuzaji akampa moja aishike. "Sheria inaniruhusu kuuza sufuria ambayo matundu yake yote yamezibwa," akaeleza. "Hii imetoka kwa fundi nzima kabisa, haina tundu hata la sindano. Ingeuzwaje? Tukaitoboa, tukaiziba. Tazama kiraka kilivyotulia." Sufuria nzima zilikuwapo pia, chini ya meza, zimefunikwa gunia, na wanunuzi waliziulizia kwa kunong'ona huku wakitazama nyuma.

Mbele kidogo palikuwa na shule. Msichana mmoja alikuwa akilia mlangoni huku mwalimu wake akimbembeleza. "Kosea moja tu, mwanangu," mwalimu alikuwa akisema. "Moja tu, nikusahihishe, upande darasa na wenzako." Huko hupanda mwanafunzi ambaye makosa yake yote yamesahihishwa, na msichana yule hakuwahi kukosea. Sasa alikuwa akirudia darasa lile lile, na kila mwaka akizidi kupatia.

Ndiyo ilivyokuwa nchi ya Walau. Mahali pengine mtu akisema "yote", hushughulika na vilivyopo. Walau, neno hilo lilisimama pale tu palipokuwa na walau kimoja. Pasipo na kitu, "yote" ilikuwa uongo, na mwenye kuisema alikuwa mwongo. Shaibu alicheka peke yake barabarani mpaka watu wakampisha.

Jioni ilipokaribia akatafuta pa kulala, akaambiwa hakuna nyumba inayompokea mgeni ila yule ambaye ugomvi wake wote umesuluhishwa. Yeye, ajabu ya Mungu, alikuwa bado hajagombana na mtu. Akaelekezwa Ofisi ya Walau. Hiyo ilikuwa ofisi ya serikali ya kuwaazima watu walichokosa: kovu, kosa, ugomvi, hata mtoto wa kushikwa mkono kwa nusu siku. Kwenye kiti cha ugomvi alikaa Mzee Dengu, mgomvi wa serikali, mnene, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kutukana wengi siku hiyo na anataka kwenda nyumbani.

"Wewe mfupi," Mzee Dengu akasema bila hamu.

Utaratibu ulikuwa kwamba mgeni ajibu, "Na wewe mnene," kisha wapeane mikono, karani aandike wamesuluhishwa. Lakini Shaibu hakuwa mtu wa jibu fupi. Alijibu kwa kirefu. Alianza na tumbo la Mzee Dengu, akapanda kwenye kazi yake, akaingia kwenye akili za waliomwajiri. Mzee Dengu akaamka usingizini, akavua kofia, akajibu kwa moyo wote kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ukawa ugomvi wa kweli. Makarani wakasimama juu ya viti.

Aliyewaamulia ni mwanamke aliyekuwa akisubiri dirisha la pili, mrefu, mikono imekauka kwa maji na jua. Aliingia katikati yao bila kupandisha sauti. "Mzee Dengu, wewe una presha. Na wewe mgeni, una nini? Mtu yuko kazini." Wote wawili wakaona haya, wakapeana mikono. Mzee Dengu akafuta machozi, akasema tangu aajiriwe hakupata mtu wa kugombana naye kama watu.

Mwanamke huyo aliitwa Bi Kidawa. Karani akamgeukia yeye sasa, na sauti yake ikawa ya kubembeleza.

"Bi Kidawa, kesho ndiyo Baraza. Chagua mtoto. Wamebaki wawili, wote wanaogelea kama bata. Nusu siku tu, unamshika mkono, unajibu swali, unamrudisha."

"Nimesema hapana."

"Kila mtu huazima! Mwenyewe uliazima jeraha ulipotoka safari."

"Jeraha nimeazima," Bi Kidawa akasema. "Ugomvi nimeazima, tena kwa huyu huyu Dengu. Mtoto siazimi."

Karani akafunga dirisha taratibu.  Bi Kidawa akamtazama Shaibu akiwa amesimama na kifurushi chake, akamwambia kama hana pa kulala, kwake kuna chumba.

Bi Kidawa alikaa kwenye nyumba ya bwawa, ukingoni kabisa mwa maji, na njiani alimweleza yote bila kujihurumia. Alikuwa kaimu mlinzi wa bwawa tangu mlinzi wa mwisho afariki. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa maji asubuhi na kuufunga mpunga unaposhiba, na kwa kusikiliza tu mlio wa maji aliweza kusema mvua imenyesha juu mlimani au la. Lakini ukaimu ni ukaimu, na kila mwaka alipoomba kuthibitishwa alinyimwa. Sheria ilisema: mlinzi wa bwawa awe mtu ambaye watoto wake wote wanajua kuogelea. Kesho Baraza la Maana lingejaza nafasi ile. Aliyeiomba pamoja naye ni Bwana Pandu, mwenye mtoto mmoja, na mtoto huyo aliogelea vizuri. Bwana Pandu mwenyewe hakujua mlango wa maji unafunguka kuelekea wapi.

"Nami sina mtoto," Bi Kidawa akasema. "Nilimwomba Mungu nikachoka, na watu wakasema walivyosema. Nikashukuru kwa nilichopewa, nikapewa maji. Kesho wakimchagua Pandu, natoka kwenye nyumba hii, na sijui nitakwenda wapi."

"Lakini ni upuuzi!" Shaibu akafoka. "Nani aliyewaambia kwamba 'wote' lazima wawe na walau mmoja?"

"Mababu zetu, na hawakuwa wajinga." Bi Kidawa alikuwa akipuliza moto. "Zamani alikuja bwana mmoja kuposa. Akaapa mbele ya wazee, 'Ng'ombe wangu wote wana maziwa.' Wakamwoza. Binti akafika kwa mumewe, akakuta zizi halina hata mkia. Wakamshitaki, naye akasimama akasema, 'Nionyesheni ng'ombe wangu mmoja asiye na maziwa.' Hawakuwa naye. Mwongo akashinda. Hasira ile ndiyo iliyoleta sheria: asiye na kitu asiseme 'vyote'."

Shaibu akaruka kutoka kwenye kigoda, kikaanguka. "Kwa hiyo walichagua! Bi Kidawa, huoni? Neno halikuteremka na mvua. Watu walikaa, wakaumizwa na jambo moja, wakalichagulia neno maana. Na kilichochaguliwa kinaweza kuchaguliwa upya! Swali ni moja tu: maana hii inawapa nini na inawagharimu nini?" Akawa anatembea huku na huku, mikono inapaa, akazungumza juu ya hesabu na alama na kanuni, macho yanamng'aa.

"Mwalimu," Bi Kidawa akamkatiza, "usinifanyie hesabu yako. Mimi nataka kulala nyumbani kwangu."

Hapo Shaibu akaokota kigoda, akakaa, akamwomba radhi. Kisha akasema kwamba kesho atakwenda Barazani kusema, kama wageni wanaruhusiwa. Wanaruhusiwa, Bi Kidawa akajibu. Kuzuia mtu kusema ndiko wasikokujua.

Kuna nchi watu hufurika uwanjani kutazama mpira. Walau hufurika kutazama maana. Asubuhi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Juu alikaa mwenyekiti, Bi Mwatime, bibi mkavu anayetafuna tambuu, na kando yake Bwana Jecha Simai, Mtunza Maana, kijana msomi mwenye ulimi mkali aliyezijua sheria zote kwa moyo. Desturi ya Baraza ilikuwa nzuri, na Shaibu huisifu mpaka leo: yeyote anayetaka kuhamisha maana ya neno sharti aeleze itapunguza mzigo gani na itaongeza upi. Akikosa kusema upande mmoja, hasikilizwi.

Shaibu aliomba matenga matatu, mawili yawe ya mapera mabivu.

"Bwana Jecha, mapera ya tenga hili yote ni mabivu?"

Jecha akayabonyeza. "Yote."

"Na hili la pili?"

"Yote."

"Nikiyamimina pamoja?"

"Lundo lote ni bivu. Sheria ya soko iko wazi: palipo yote na yote, mkichanganya ni yote, wala hapakaguliwi upya."

"Sheria nzuri sana. Na mapera ya tenga hili la tatu?"

Jecha akachungulia. Tenga lilikuwa tupu. "Hayo si yote mabivu," akasema, "kwa kuwa hayamo."

"Basi nami nayamimina." Shaibu akalipindua lile tenga juu ya lundo, akalitikisa, akalipiga matako kama mtu anayekung'uta unga. "Sasa lundo je?"

Watu wakaanza kucheka. Jecha hakucheka. "Lundo hilo limechanganywa na yasiyo mabivu," akasema kwa heshima zote. "Itabidi likaguliwe." Na kweli wakainuka maofisa watatu wa Idara ya Matenga Matupu, wakavaa kofia zao, wakaanza kulibonyeza pera moja moja. Shaibu nusura alie kwa furaha.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Kila sheria yenu ina idara pembeni yake ya kupachika kimoja pasipo na kitu! Idara ya kutoboa sufuria. Idara ya kuchoma vidole. Mzee Dengu, ambaye sasa nampenda, analipwa kutukana watu wema. Hamisheni maana ya neno moja, tenga tupu lihesabiwe kuwa ni bivu, na idara hizi zote zitakosa kazi!"

"Nami nile wapi?" Mzee Dengu akauliza kutoka nyuma. Mngurumo ukapita ukumbini. Nusu ya watu pale walikuwa wa idara. Shaibu akajua amejipalia makaa.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Jecha akasema, na kicheko kikabadilika upande. "Lakini tumpe haki yake. Mwalimu, kwenu mnafanyaje pasipo na kitu?"

Shaibu akachukua mkaa, akaandika ukutani bila kuomba ruhusa. "Kwetu mbili mara mbili mara mbili tunaiandika hivi: mbili, na tatu ndogo juu ya bega lake. Jibu nane. Ukiweka mbili ndogo, nne. Ukiweka moja ndogo, mbili. Kila ukishuka unagawa kwa mbili. Sasa nikiweka sifuri, yaani hakuna mbili hata moja ya kuzidisha?"

"Hakuna jibu!" wakapiga kelele. "Sifuri!"

"Sisi tuliandika moja. Hakuna mtu aliyelikuta jibu hilo limeota shambani. Tulilichagua, kwa sababu ukiwa kwenye mbili ukagawa kwa mbili, mguu wako unakanyaga moja, na ngazi haivunjiki. Tungechagua sifuri, kila kanuni yetu ingetaka idara."

"Kwa hiyo ni matakwa yenu tu," Jecha akasema.

"Matakwa, ndiyo, lakini si ya ovyo. Fundi huchagua mpini autakao, ila shoka sharti likate."

Hilo liliwagusa, kwa kuwa Walau kuna maseremala wengi. Bi Mwatime akaacha kutafuna. Lakini Jecha hakuwa mtu wa kushindwa na mpini. Alisimama, akashuka mpaka alipo Shaibu.

"Nijibu hili. Tukifuata maana yako, watoto wote wa Bi Kidawa wanajua kuogelea. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Na je, watoto wote wa Bi Kidawa hawajui kuogelea?"

Shaibu aliona shimo, lakini ukweli ni ukweli. "Hilo nalo ni kweli."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipigana mabega, wengine walikaa chini kwa kucheka. Shaibu akajaribu kueleza kwamba semi mbili hizo hazigombani, kwamba ili zigombane sharti awepo mtoto mmoja wa kusimama katikati yao, na hayupo, lakini hakuna aliyesikia. Bi Kidawa alikuwa ameinamisha uso. Jina lake na neno "watoto" vilikuwa vikitajwa pamoja kwa vicheko ukumbi mzima, na Shaibu, aliyekuwa na furaha tangu langoni, akaona aibu mpaka masikioni. Hoja yake ilikuwa nzuri, na ilikuwa inamchoma mtu.

Bi Mwatime akagonga meza. "Mgeni, hujamaliza. Umesema mzigo utakaopungua. Sema utakaoongezeka. Yule mposaji asiye na ng'ombe, tukikufuata, si atarudi?"

"Atarudi," Shaibu akakubali, sauti imepoa. "Maana yangu haimzuii. Mtamzuia kwa kuuliza maswali mawili: una ng'ombe? Na wote wana maziwa? Mababu zenu walitaka neno moja lifanye kazi mbili. Mimi nasema kila kazi ipewe neno lake. Mzigo unaoongezeka ni huo: anayetaka walau mmoja, alazimike kusema waziwazi kwamba anamtaka."

 Jecha alikuwa msomi wa kweli, na Shaibu aliona jinsi wazo lilivyomwingia na kumpendeza. "Hilo ni safi," Jecha akasema polepole. "Nakiri ni safi kuliko letu. Bi Mwenyekiti, na tulipokee. Na kwa kuwa tumelipokea, sheria ya bwawa iandikwe sawasawa na maana mpya: mlinzi awe na mtoto, na watoto wake wote wajue kuogelea. Maswali mawili, kama mgeni alivyotufundisha."

 Shaibu alikuwa amekuja kumfungulia Bi Kidawa mlango, na sasa alikuwa amewapa komeo la pili.

Ndipo Bi Kidawa aliposimama.

"Andikeni," akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini yeye alizoea kusema kando ya maji yanayoanguka, na sauti yake ilifika. "Andikeni hivyo hivyo alivyosema Bwana Jecha. Miaka yote hii nimekuja hapa, nanyi mmeniambia, Bi Kidawa, si sisi, sisi tunakupenda, ni maana ya neno tu. Nikarudi nyumbani nikalaumu neno. Leo neno limeondoka. Basi aandike mtu kwa mkono wake kwamba mwanamke asiyezaa hafai kulinda maji, nami nimjue ni nani."

Hakuna aliyecheka.

"Tena semeni sheria ile ilitungwa kwa nini. Bwana Jecha, wewe unazijua zote kwa moyo. Ilitungwa kwa nini?"

Jecha akajibu, maana alikuwa mkweli. "Mlinzi wa kwanza mtoto wake alizama. Nyumba iko ukingoni. Wakasema mtoto mwingine asizame pale."

"Asizame mtoto pale," Bi Kidawa akarudia. "Haya. Nionyesheni mtoto wangu mmoja aliyezama. Nionyesheni mtoto wangu mmoja tu asiyejua kuogelea, nami natoka kwenye nyumba ile leo hii." Akasubiri. "Hamumwoni. Hata mimi sijamwona. Ningemwona, ningemfundisha mwenyewe."

Shaibu anasema alitamani kumwendea na hakuthubutu. Wanawake waliokuwa madirishani walianza kulia bila kujificha. Maofisa wa matenga waliacha kubonyeza mapera.

Bi Mwatime akawatazama watu wake mmoja mmoja. "Kuna mapendekezo mawili mezani," akasema. "La kwanza, la mgeni, kwamba 'wote' isimame hata pasipo na mmoja. Wanaoliunga mkono?"

Mikono ikapanda, na mkono wa kwanza ulikuwa wa Mzee Dengu, ambaye chakula chake kilikuwa kinakwenda na mkono ule. Ikapanda ya akina mama, ya maseremala, ya mwalimu wa shule. Ikawa mingi.

"La pili, la Bwana Jecha, kwamba mlinzi wa bwawa sharti awe amezaa. Anayelitaka aje alitie saini, jina lake lisomwe sokoni pamoja na sheria."

Kalamu ililala mezani. Bwana Pandu alitazama viatu vyake. Jecha aliitazama ile kalamu kwa muda, na kila mtu alimwona akiitazama, kisha akaisukuma mbali kwa kidole. "Naliondoa," akasema. "Bila neno la kujificha nyuma yake, halisemeki."

Ukumbi ukanguruma. Watu walirusha mapera juu, mabivu na yasiyokaguliwa, na Shaibu akajikuta anakumbatiwa na watu asiowajua, akipiga kelele kuliko wote, akimweleza kila aliyemkumbatia kwamba ukizidisha pasipo na kitu jibu ni moja, naye aliyeambiwa akiitikia, "Moja! Moja!" kama mtu anayeshangilia bao. Bi Mwatime aligonga meza mpaka mkono ukamuuma.

"Bado," akasema. "Kiapo."

 Bi Kidawa alisogea mbele, akasimama wima, mikono yake mikavu imeshikana. Bi Mwatime alitema tambuu, akapangusa midomo, na swali lile lile alilolisoma kwa mazoea kila Baraza akalisoma leo taratibu, kama mtu anayebeba maji bila kutaka yamwagike.

"Kidawa, watoto wako wote wanajua kuogelea?"

Bi Kidawa alivuta pumzi. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, na uso wake, Shaibu anaapa, ulikuwa uso wa mama anayeitiwa majina ya wanawe.

"Wote," akasema.